Jumamosi Aliyokwenda Bosibori

Kwa miaka mitatu Bosibori alikuwa akicheza mchezo ambao watu wa Ekerenyo hawakuweza hata kuutaja jina. Unaitwa sepak takraw, umetoka kule Asia ya Kusini-Mashariki. Kila upande una watu watatu, katikati kuna wavu, na mpira wenyewe ni mdogo, umesukwa, una matundu kama tenga la kuku. Unapigwa kwa mguu, goti, kifua au kichwa. Mkono ni wa kumrushia mwenzako anayeanzisha tu. Baada ya hapo ukiugusa kwa mkono, pointi imekwenda.

Alijifunza kwa kocha mgeni aliyefundisha wiki moja Nyakoe, akaondoka na kuwaachia wanafunzi wake mipira miwili. Mmoja ulitafunwa na ndama. Bosibori alikuwa na miaka ishirini na tisa, akiishi na mama yake. Asubuhi alichuma chai, alasiri akaenda uwanja wa shule kukutana na wenzake: Cynthia, fundi cherehani wa sokoni, na Kinsi, aliyetoka Kisii mjini kwa bodaboda kila akipata nafasi dukani kwa baba yake. Bosibori ndiye aliyekuwa akianzisha mpira. Aliinua mguu juu ya bega, akapiga. Kucha za vidole viwili zilikwisha kung'oka.

Hatimaye wakapata shindano la kweli: Kisii, Jumapili, dhidi ya timu ya Mosocho. Washindi wangeenda Nairobi kufanyiwa majaribio ya timu ya taifa.

Alhamisi simu ikalia. Alikuwa mwalimu Onyancha, mwandalizi.

"Dada, tumesogeza. Sasa ni Jumamosi saa nne."

"Mwalimu, mlisema Jumapili!"

"Jumapili ukumbi una harusi."

"Na Jumamosi mimi niko kanisani. Nusu ya watu wa huku tuko kanisani Jumamosi, hukulijua hilo?"

"Si mimi niliyepanga harusi, dada. Mtakuja au hamji?"

Bosibori alikata simu. Mama yake alikuwa shemasi wa kanisa la Waadventista, na yeye mwenyewe aliimba kwaya. Tangu azaliwe hakuwahi hata kufua soksi siku ya Sabato.

Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuanza, mama alikuwa akipiga pasi sare ya kwaya alipoambiwa habari ya shindano. Hakupaza sauti. Aliikunja blauzi ile, akaiweka kitandani kwa Bosibori.

"Iko hapo," alisema. "Utachagua mwenyewe."

Bosibori alikwenda Kisii.

Saa nne ilifika, wasichana wa Mosocho walikuwa wawili. Saa tano, bado wawili. Onyancha alizunguka akipiga simu. Nje, vijana walianza kushusha viti vya harusi ya kesho kutoka kwenye lori.

"Mwenzenu yuko wapi?" Kinsi aliwauliza.

"Roselyne? Yuko kanisani," mmoja alijibu, akitazama chini. "Alisema Sabato hawezi. Tulidhani atabadilisha mawazo."

Bosibori alitaka kumkasirikia huyo Roselyne. Alijaribu kweli, akashindwa.

"Tucheze wawili kwa watatu," aliomba. "Au Cynthia akae nje, tuwe wawili kwa wawili. Mwalimu, nimetoka Ekerenyo!"

"Kanuni hairuhusu. Na hawa watu wanataka ukumbi." Onyancha aliandika kwenye karatasi. "Hongereni. Mmeshinda."

Mpira haukutoka hata kwenye mfuko.

Jioni mama alimwandalia matoke, akaketi mbali naye.

"Mlishinda?"

"Tulishinda. Hatukucheza."

Mama alimgeukia. "Yaani ulivunja Sabato ukakae kwenye benchi?"

Bosibori alicheka bila kupenda, kisha machozi yakamtoka. Mama hakucheka, wala hakumbembeleza. Alichukua sahani, akaenda kuosha.

Siku tisa baadaye ukaja ujumbe wa Onyancha: ushindi bila mechi hautambuliwi. Wa kwenda Nairobi wangetoka kwingine. Bosibori aliusoma akiwa katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, akausoma tena. Kisha akatafuta namba ya Roselyne kwa wale wasichana wa Mosocho, akapiga.

"Mimi ni Bosibori wa Ekerenyo. Njooni Jumapili tucheze. Sisi wenyewe tu, bila waandalizi."



"Pole, dada," Roselyne alisema. "Mimi nimeacha. Mara tatu wamepanga, mara tatu ni Sabato. Mpira wetu nimewapa watoto wa jirani."

"Usiache."

"Nimeshaacha."

Jumapili Bosibori, Cynthia na Kinsi walifunga wavu wao kwenye uwanja wa shule, wakasimama wote upande mmoja. Cynthia alirusha. Bosibori alipiga kwa nguvu zote, mpira ukavuka wavu, ukadunda kwenye nyasi ambako hakukuwa na mtu, ukaviringika hadi kwenye uzio. Akazunguka wavu kwenda kuufuata mwenyewe, akisonya njia nzima.