Divai ya Mtia Chumvi

Kijijini kwetu kila nyumba ina jina la utani, na nyumba ya Bi Orosia Lahoz iliitwa kwa Mtia Chumvi. Mtia Chumvi mwenyewe alikuwa mumewe, Gaudencio, mtu ambaye hakuwahi kuvua samaki mdogo wala kuugua homa ndogo. Lakini chumvi yake kubwa ilikuwa ya divai. Alikuwa akikaa baa, kwenye meza ya karibu na jiko la kuni, anaagiza glasi ya divai nyekundu ya ushirika kama sisi sote, anaonja, anafumba macho, kisha anasema, "Cheri hii mnayoisikia ulimini ni ya kwangu. Inatoka Carravieja."

Carravieja ndilo shamba lao, juu kabisa karibu na mlima, mawe mengi kuliko udongo. Mizabibu ya pale ilipandwa na babu yake. Mashina yamepinda na kunenepa kama viwiko vya wazee, na kila shina hutoa vishada vichache tu. Sasa fikiria mwenyewe: tangi la ushirika linapokea zabibu za nyumba mia moja na arobaini, zote zinachachuka pamoja, halafu mtu mmoja anadai kuonja za kwake. Tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mkewe, Jumapili baada ya misa, kikombe cha kahawa mkononi.

Kanuni ya ushirika ni kwamba mwanachama huleta zabibu zake zote. Wako wanaoficha kapu moja nyumbani, tunawajua. Gaudencio alitia chumvi maneno yake, lakini kanuni hakuivunja hata mara moja. Akafa bila kuonja divai ya shamba lake, na Bi Orosia, aliyepogoa mizabibu pale pamoja naye kwa miaka arobaini na miwili, hakuwahi kuionja pia.

Baada ya mazishi aliendelea na shamba peke yake kwa miaka minne. Kisha mgongo ukamshinda. Vuli iliyopita alituambia kwamba hayo ndiyo mavuno yake ya mwisho, na akatia sahihi ile karatasi ya serikali ya kung'oa mizabibu kwa fidia. Cosme, mpwa wa marehemu, mwenye mashine ya kuchimba, angekuja kuing'oa Jumatatu ya kwanza ya Machi. Hakuna aliyembishia. Mgongo ni wa mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, Valero, mtunza matangi wa ushirika, na ninaingia kwa aibu. Carravieja huiva mwisho, kwa hiyo trela la Bi Orosia huja mwisho kila mwaka, wakati sisi tumeshachoka kuona zabibu. Safari hii lilifika saa saba mchana, siku ya karamu ya kufunga mavuno. Tangi kubwa lilikuwa limeshafungwa, na kulifungua kulitaka kuburuta mipira ya maji, pampu, na saa nzima ya kazi. Harufu ya nyama ya mwanakondoo ilikuwa inatoka uani. Nikazimwaga zabibu zake kwenye tangi namba saba, tangi la zamani la saruji ambalo halitumiki, nikijiambia kwamba Jumatatu nitazichanganya na nyingine.

Jumatatu zilikuwa zimeshaanza kuchachuka zenyewe, na mimi nikaona haya kumwambia bosi. Nikawa naamka mapema kuzikoroga kabla hajafika. Nikazikamua kimya kimya, nikafunga, nikanyamaza. Uongo una kazi nyingi kuliko ukweli. Ningeburuta ile mipira ningepumzika zamani.

Mwishoni mwa Februari bosi alisema anataka kukagua matangi yote. Nikaenda namba saba alfajiri kuihamisha divai ile kwenye tangi kubwa, nifute dhambi yangu. Nikaonja kidogo, nione tu kama haijawa siki.

Nilikaa chini kwenye ngazi. Mimi si mtu wa maneno ya divai, lakini tunda ndilo lililotangulia kunipokea mlangoni: cheri, kisha forosadi zilizoiva mpaka zinachafua vidole, kisha kwa mbali harufu ya zaatari inayoota kati ya mawe ya Carravieja. Nilimkumbuka Gaudencio amefumba macho. Na ilikuwa Jumamosi. Zilibaki siku mbili kabla ya mashine ya Cosme.

Nilijaza chupa, nikaenda kwanza kwa bosi nikamwambia yote. Alinitukana vizuri, akaonja, akaacha kunitukana. Kisha nikapanda kwa Bi Orosia.

Nilimkuta jikoni anakaanga makombo ya mkate kwa kitunguu saumu, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Umeniletea nini?" akaniuliza. "Kama ni ile siki ya bosi wako, geuza nayo."

"Onja kwanza, Bi Orosia."

Alichukua glasi ya kunywea maji kutoka kwenye sinki, nikamimina. Akanywa akiwa amesimama, mwiko mkononi. Akanywa tena. Kisha akazima jiko.

"Hii siyo ya hapa."

"Ya hapa hapa."

"Ya nani?"

"Yako. Ya Carravieja."

"Yangu na ya nani?"

"Yako peke yako."

Nikamsimulia habari za trela, karamu, na uvivu wangu. Nilitegemea anirushie mwiko. Hakunisikiliza sana. Alikuwa ameketi, anaitazama glasi.

"Gaudencio alisema cheri," akasema.

"Alisema."

"Nami nikamcheka."

"Sote tulimcheka, Bi Orosia."

"Nyinyi mlimcheka baa, mwanangu. Mimi nilimcheka mpaka kitandani." Alijifuta uso kwa aproni. "Nilijiambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi nikamnyima sifa mtu ambaye hata maji ya kutia hakuwa nayo."

Nilimwongezea divai. Baadaye aliomba nimsogezee simu, akampigia Cosme.

"Jumatatu usije," alimwambia. "Najua nimetia sahihi, nitakwenda kuifuta. Mgongo ni wangu, Cosme, lakini mizabibu ni ya mjomba wako. Wewe njoo na mkasi."

Akakata simu, akanigeukia. "Na wewe utakuja naye. Uvivu wako una deni la kazi."

Basi mimi na Cosme tulipogoa Carravieja yote, Jumamosi kwa Jumamosi. Bi Orosia alikuja na kiti cha jikoni, akakaa katikati ya mistari ya mizabibu, upepo wa kaskazini ukimpiga, akitusimanga. Nikiacha macho matatu ya kuchipua kwenye tawi badala ya mawili, aliniuliza kama nimewahi kwenda shule. Saa nne alituchomea mbavu za mwanakondoo juu ya matawi tuliyokata, na hapo matusi yalikoma. Sijawahi kula vizuri hivyo kwa kazi ya adhabu. Namshukuru Mungu kwa ule uvivu, ingawa bosi hataki kulisikia neno hili.

Ushirika uliamua kuitia divai ile kwenye chupa peke yake. Bosi alitaka bei ya juu, kwa kuwa divai ya mizabibu ya kale siku hizi inatafutwa mijini. Bi Orosia alisimama mkutanoni akasema mumewe alikuwa mtu wa glasi ya baa, na divai yake itabaki kuwa ya glasi ya baa. Ikawa euro nne chupa. Kwenye karatasi ya chupa tuliandika jina la nyumba: Mtia Chumvi.

Chupa ya kwanza ilifunguliwa baa, Jumapili baada ya misa. Bi Orosia hakuwa ameingia pale tangu mazishi. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya karibu na jiko, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akaonja, akafumba macho.

"Cheri hii mnayoisikia ulimini," akasema, "ni ya Gaudencio. Inatoka Carravieja."

Wengine wakatazama glasi zao. Mimi niliangalia viatu vyangu. Yeye alifumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Chekeni basi," akasema. "Alizoea."

Tukacheka, naye akacheka kwa sauti kuliko wote, machozi yakimtiririka, akasukuma glasi yake mbele ili nimwongezee.