Miguu ya Koko na Mashine ya Kasese

Wasomaji wangu wa nyumbani, mnisamehe kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa makosa ya herufi. Niliishia shule ya msingi, naandika polepole. Nataka kuwaeleza safari yangu na Koko, mama mzaa mama yangu, kutoka Bwera hadi Kasese.

Moyo wake ulikuwa umechoka, tena alikuwa na sukari na presha. Daktari alisema kwa umri wake upasuaji haufai. Lakini Kasese kulikuwa na kliniki yenye mashine ya kusaidia damu kutembea bila kisu wala sindano. Koko alitaka jambo moja tu: avuke daraja la mpakani kwa miguu yake, afike kwenye kaburi la Babu ng'ambo, Kongo. Siku hizo kila hatua chache alisimama kutafuta pumzi.

Siku mbili kabla ya kuondoka alinipa wembe. Alikuwa amesikia kwamba mashine hufunga miguu kwa mikanda, na yake ilikuwa imevimba. Kwetu miguu ya namna hiyo huchanjwa vichale maji yatoke, kisha hupakwa majivu ya majani.

"Kata, mutoto wangu," alisema. "Mikanda isikose kunienea."

Nilikata. Nilidhani namsaidia.

Asubuhi ya safari tulipanda gari la jirani aliyekuwa akipeleka vitunguu. Kinyamaseke tulisimama Koko apumzike. Baada ya Kikorongo mbuga ilifunguka, akasema akipona tutarudi kutazama tembo bila haraka.

Saa nne tulifika. Muuguzi, mama mcheshi, alituonyesha mikanda mipana ya kufunga miguu, mapaja na nyonga.

"Moyo ukipumzika, hii inajaa hewa, inasukuma damu irudi juu. Saa moja kila siku, wiki kadhaa. Ni kama kuvaa suruali ya kubana, Koko."

"Tangu nizaliwe sijavaa pantalo," Koko akajibu. "Padri asinione."

Muuguzi akauliza kama miguu ina vidonda.

"Hapana, iko muzima," Koko akasema, akanitazama. Nikatazama sakafu. Mtoto hamkanushi mkubwa mbele ya wageni, nami ni mtu wa haya.

Muuguzi alipoinua kitenge aliviona vichale, vibichi, vingine vikitoa maji. Hakugomba.

"Mikanda ikibana hapa itavifungua zaidi, na kwa sukari hii vitachelewa kupona. Nani alikata?"

"Mimi."

"Mrudi vikifunga."

Njiani kurudi Koko alinishika mkono. "Usilie. Wembe nilikupa mimi."

Kila asubuhi nilivisafisha kwa maji ya chumvi. Viwili vilifunga, vingine vilikataa. Mwezi wa pili baada ya safari hiyo moyo wake ulisimama. Wanaume wanne walimbeba kuvuka daraja hadi kwa Babu, na hawakusimama kupumzika hata mara moja.

Nilichojifunza ni kidogo: kabla ya kugusa mwili wa mgonjwa, uliza wanaojua, na ukiulizwa, sema, hata kama ni aibu.

Kama mna mzee aliyefungwa mikanda ile, niandikieni. Nielezeni kama iliuma, na kama baadaye aliweza kutembea mbali. Mwandiko wowote nitausoma.