Vyuma Sitini na Vitatu

Mume wangu Telesphori hakuwa mwizi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kambini wakimtaja huanzia upande wa pili. Alikuwa mfagiaji wa karakana ya umeme katika mgodi wa dhahabu kule Geita, Msumbwa wa Ushirombo, mpole mpaka kuudhi, na alikuwa na maradhi mamoja tu, nayo ni shaba.

Maradhi yenyewe aliyarithi. Babu yake alikwenda Katanga kwa miguu na misafara ya Wasumbwa kuitafuta shaba, na safari hiyo nilisimuliwa mpaka nikaijua kama niliyeitembea mimi. Sasa pale mgodini, kila kilichoungua kilitupwa jalalani nyuma ya karakana: feni za nyumba za Wazungu, dinamo za malori, kengele, mota ndogo ndogo zisizozidi ukubwa wa kibuyu. Aliyetumwa kuvitupa ni yeye, na mnyapara alimwambia achukue anachotaka. Basi kila jioni alirudi na kimoja kwapani, akakaa nje, akakifungua kwa bisibisi aliyoichonga kutoka kwenye msumari, akavuta uzi wa shaba uliozungushwa ndani. Uzi mwembamba kama unywele, mrefu usioisha. Aliuchoma kuondoa rangi inayoufunika, akauyeyusha katika chungu kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, akamimina kwenye mchanga. Uzi wa vyuma vinne au vitano ukatoa mkuo mmoja, mrefu kama kidole. Akausugua kwa ukwaju, akautazama, akauweka chini ya kitanda.

Basi, ni hivyo tu. Hakuuza, wala hakunifulia mimi bangili. Nilipomuuliza ni ya nini, alinijibu kwamba ni nzuri.

Nilikasirika, sitaficha. Shaba ilikaa chini ya kitanda, lakini vyuma vilivyobaki baada ya kutolewa uzi vilikaa nje, nyuma ya nyumba, lundo juu ya lundo. Na mimi ni mtu wa Didia. Kwetu Usukumani mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani ovyo. Kila mmoja humkwepa mwenzake kwa heshima. Mama yangu alipotuma habari kwamba anakuja kumwona mtoto wetu Generoza, niliona hana pa kupita asikutane na mkwewe ila njia ya nyuma, nayo imejaa vyuma. Telesphori akaahidi kuviondoa. Aliahidi Jumatatu, akaahidi Jumanne. Jumatano alipokwenda kazini nilivibeba mwenyewe, karai kwa karai, nikavitumbukiza katika choo chetu cha zamani kilichokuwa karibu kujaa, nikafukia. Jioni alipaona peupe, akacheka, akasema nimemlimia shamba. Mama akaja, akapita salama, akarudi kwao. Naye Telesphori, kwa kunistahi, hakuleta kingine tena.

Miezi michache baadaye, mwaka wa hamsini na tatu, watu wasiojulikana walikata waya wa simu unaotoka mgodini kwenda ziwani. Ulikuwa waya wa shaba, mnene, wa nguzo nne nzima. Askari wakapekua kambi. Chini ya kitanda chetu wakakuta mikuo kumi na mitatu inayong'aa. Walimfunga Telesphori pingu huku uji wake ungali moto.

Kesho yake nilifika bomani na mtoto mgongoni. Bwana Shauri, Mzungu aliyetawala wilaya, alimhoji mbele yangu, karani Januari akitafsiri. Anaiuza wapi hii shaba? Haiuzi. Anafua bangili? Hapana. Sasa anaifanyia nini? Telesphori akasema, kwa adabu kabisa, kwamba anaipenda. Januari alitafsiri huku anamwonea haya. Bwana Shauri akaandika maneno mengi bila kuinua kichwa. Ukutani nyuma yake kulikuwa na vipepeo wake, wamechomwa pini ndani ya kioo, safu baada ya safu. Hakuna aliyemuuliza wale anamuuzia nani.

Hata hivyo alikuwa mtu wa kusikiliza, nisimsingizie. Alisema kama shaba imetoka katika mashine mbovu, basi mashine zenyewe zionyeshwe. Zisipoonekana mpaka Ijumaa, kesi itakwenda Mwanza, na huko wakata waya walikuwa wanapewa miaka mitatu. Telesphori akanigeukia. Uso wake ulinivunja moyo, kwa maana aliniangalia kama mtu mwenye akiba nyumbani.

"Vipo," nikasema. "Nitavileta."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilirudi, nikamwachia jirani yangu Bernadina mtoto, nikachukua jembe. Udongo wa juu haukunishinda. Kilichofuata sitawaelezea sana. Nilifunga kanga puani, nikashuka kwa kamba, nikapapasa kwa mikono, maana jembe lilikuwa linavizamisha zaidi. Kila nilipopata kimoja nilikitia kwenye ndoo, Bernadina akavuta. Nilitapika mpaka tumbo likawa halina cha kutoa. Nilipopanda kumnyonyesha Generoza nilijiosha mara tatu kwa sabuni, lakini akanusa titi langu, akageuza uso, akalia. Nililia naye. Usiku ule alikunywa uji wa mtu mwingine.

Jumatano watu walikuwa wamekwisha kusema. Mwanamke anafukua choo mchana kweupe, mumewe yuko mahabusu: lazima anatoa dawa alizozika. Kisimani nilimwamkia mama mmoja mtu mzima shikamoo, akachota maji yake akaondoka. Kwetu neno la uchawi likishakuganda halitoki kwa kuoga. Nilijua, nikashuka tena. Nilikuwa nahesabu miaka mitatu, na mtoto asiyejua sura ya baba yake, na mimi nikirudi Didia na mzigo kichwani. Hofu ile ilinishinda kuliko harufu.

Jumatano jioni tulikuwa na vyuma sitini na vitatu. Bernadina akasema tuvimwagie maji, vinatosha. Hapo ndipo nilipokataa. Nilimwambia Bernadina kwamba mume wangu hatasimama mbele ya serikali na vitu vya chooni, wakazibe pua na kumcheka. Nimelelewa na mama anayesugua sufuria mpaka ajione uso. Alhamisi yote nilikaa kijitoni na majivu, mchanga na magunzi ya mahindi, nikasugua kimoja kimoja, ndani na nje, kila pembe na kila ufa, mpaka kucha zikatoka damu. Vilikuwa safi kuliko siku vilipotoka jalalani. Na nitasema kweli, nilivipanga juani, nikavionea fahari.

Ijumaa tulivipeleka kwa baiskeli ya mume wa Bernadina na kwa vichwa vyetu. Tukavipanga barazani kwa Bwana Shauri, safu saba za tisa. Telesphori alitolewa. Alipoviona alisimama kwanza. Kisha akainama, akavishika, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Hiki ni cha feni, uzi wake ulikuwa mwekundu sana. Hiki ni dinamo ya lori lililopinduka. Hiki cha kengele kilitoa uzi kidogo, haukujaza hata kiganja. Januari alishindwa kumfuata. Bwana Shauri alichuchumaa kabisa kando yake, akauliza hili, akauliza lile, akapima uzito wa mikuo kwa mkono. Mwisho akasimama akasema jambo la waya wa simu limekwisha. Bernadina alinishika mkono akanibana. Nilianza kumfungua mtoto mgongoni nimpe baba yake.

Mzungu wa stoo ya mgodi alikuwapo pia, ameitwa kwa ajili ya ule waya. Muda wote alikuwa amekaa anavuta kiko. Alipoona tunaondoka akaokota chuma kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akakipitisha kidole. Akaokota kingine. Chini ya kila kimoja kulikuwa na namba zimegongwa kwenye chuma, ndogo, kama nyayo za kuku, na zilisomeka vizuri kabisa. Akaanza kuvitenga upande wake. Vilifika kumi na saba.

Januari alitueleza polepole. Kitu chenye namba ni mali ya mgodi, hata kikiungua, hata kikitupwa, na kikitoka bila karatasi kimeibwa. Telesphori akasema vilikuwa jalalani. Akajibiwa jalala nalo ni la mgodi. Akasema mnyapara ndiye aliyempa ruhusa. Mnyapara alikuwa mlangoni, amesimama na kofia mkononi. Aliulizwa, akasema hakumbuki.

Bwana Shauri akahukumu: miezi tisa, kazi ngumu. Na nyumba ya kambini tuwe tumeitoka ifikapo Jumatatu.

Waliniruhusu kumsogelea kabla hajapanda lori. Nilipiga magoti pale vumbini mbele za watu, nikamweleza habari ya choo na ya kijito, nikamwambia, "Baba Generoza, nimekuua."

Akaniinua. Akaitazama mikono yangu, kucha zilivyokuwa, akaishika kwa pingu zake.

"Mama Generoza," akasema taratibu, "ungevileta na mavi yake."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alinisemesha kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia baada ya mwenzake kuipotea. Afadhali angenitukana.