Ijumaa Niliyobeba Msalaba wa Nyemo

Enzi zetu, sisi tuliosoma shule ya masista kule upande wa Msalato, Dodoma, Kwaresima tuliijua kwa tumbo kabla ya kuijua kwa katekisimu. Jumatano ya Majivu tulipanga mstari kanisani, na ukishapakwa hakuna kunawa uso mpaka jioni. Aliyefuta majivu alionekana kama amemkana Yesu. Michezo ya kuruka kamba ilikoma. Ngoma za kwaya zilifungiwa stoo. Kila Ijumaa uji wa saa nne ulipikwa kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza na la pili tu, na unga wa uji ambao tungekunywa sisi wakubwa uliwekwa kwenye gunia, upelekwe kwa wasiojiweza. Siku hizi vijana wa ofisini kwetu Mtumba wanafunga soda, na kabla ya saa sita mchana nchi nzima imeshajua kupitia simu. Sisi tulikatazwa hata kupiga miayo kwa sauti.

Nilikuwa darasa la sita, kiranja, na nilijiona mcha Mungu kuliko wenzangu wote. Baba alikuwa karani, kwa hiyo asubuhi nilikunywa chai na viazi vitamu kabla ya kutoka nyumbani. Kukosa uji hakukuniuma popote, ingawa nilitembea nimeinamisha kichwa kama mtu anayeteseka.

Niliketi dawati moja na Nyemo. Jina lake kwa Kigogo ni furaha, lakini alikuwa mtoto mkimya, mwembamba, aliyelelewa na bibi yake baada ya mama yake kufariki. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, uwele ukakauka ukiwa haujafika hata magotini. Nyumbani niliwasikia wakubwa wakizungumzia njaa, nami nikadhani ni habari ya watu wa mbali.

Ijumaa mchana tulifanya Njia ya Msalaba kuzunguka uwanja wa shule, na mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alichaguliwa kubeba msalaba wa mbao mbele ya wote. Niliitaka sana heshima ile. Ijumaa ya nne niliamini ni zamu yangu. Mama alikuwa ameshanipigia pasi sare. Sista Fausta, mwalimu mkuu wetu, akamtaja Nyemo. Nilimpa mkono nikamwambia hongera, huku nikimwonea wivu.

Siku hiyohiyo, baada ya mapumziko, nilipita nyuma ya jiko. Nyemo alikuwa amechuchumaa kando ya sufuria ya uji wa wadogo, akikwangua ukoko kwa kijiko na kuutia kwenye mfuko wa plastiki. Alilamba kijiko mara moja. Aliponiona alishtuka, kisha akasema taratibu, "Agi, usiseme."

Nikamwambia sitasema. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Sista. Njiani nilijiambia kwamba naitii dini, na nusura niyaamini maneno yangu mwenyewe.

Sista alimsimamisha mbele ya darasa, akamuuliza kama ni kweli amevunja mfungo. Nyemo alitazama sakafu. Hakupigwa. Sista alisema tu kwamba msalaba siku hiyo utabebwa na mwingine, akanigeukia mimi.

Basi niliubeba. Jua la Dodoma mnalijua, na ule upepo unaojaza vumbi mdomoni mtu akifungua kinywa kuimba. Nyemo aliwekwa mwisho wa msururu. Tulipofika kituo cha tisa, Yesu anapoanguka mara ya tatu, wote tulipiga magoti, na tuliposimama yeye hakusimama. Alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja chini ya tumbo.

Mpishi alikuja mbio na maji. Alimgeuza, akamlowesha uso, kisha akamwambia Sista, sote tukisikia, "Sista, huyu mtoto hana chakula kingine. Ni huu uji wa hapa. Ukoko huwa anampelekea bibi yake."

Sista alikaa kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akakipakata kichwa cha Nyemo mapajani. Mimi nilibaki nimesimama na msalaba begani, sikujua niuweke wapi.

Jumapili yake Sista alitupeleka darasa zima nyumbani kwa Nyemo na lile gunia la unga, tukiimba. Nia ilikuwa njema. Bibi alitupokea kwa mikono miwili, akatushukuru mpaka akatoa machozi. Nyemo alikuwa ndani. Niliona miguu yake nyuma ya pazia, na hakutoka mpaka tukaondoka. Jumatatu hakuja shule, wala Jumanne. Tukasikia mjomba wake amekuja kumchukua, amempeleka upande wa Manyoni.

Jumamosi Kuu nilikwenda peke yangu kwa yule bibi. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikasema kwamba mimi ndiye niliyemsemea.

"Najua, mjukuu wangu," alisema. "Aliniambia. Akaniomba nisikuchukie."

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Maneno yale sikuwa nimejiandaa nayo, na mpaka leo nikiungama kwa padri huwa yananifika tena. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Nyemo sikumwona tena. Nimewahi kuwauliza watu wa Manyoni; hakuna anayemfahamu.

Sasa mimi ni mama. Mwaka huu binti yangu, naye yuko darasa la sita, alinionyesha orodha ya vitu anavyoacha wakati wa Kwaresima: katuni na chipsi. Nilicheka, nikamsifu. Kisha nikamuuliza anayeketi naye huwa amekula nini asubuhi. Alinitazama kwa mshangao, akasema hajui, kila mtu anakuja na kopo lake la chakula na kulifungua mwenyewe.

Nilitaka kumwambia kwamba zamani watoto walijuana zaidi. Nikanyamaza. Enzi zetu tulikunywa uji wa sufuria moja, tukaketi dawati moja, magoti yakigusana, na mimi sikujua.