Beseni la Mahindi ya Mama Joziane

Wiki iliyopita, dukani mtaani Gungu, muuzaji alifungua gunia la mahindi, harufu ya ukungu ikanipanda puani, nzito kama ya nguo zilizokunjwa mbichi. Sikununua. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na jambo ambalo sijapata kumsimulia mtu ila mama yangu, leo nawasimulia ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi kijijini Ilagala, kando ya ziwa. Mwaka ule mvua haikutupa nafasi ya kuanika, tukatia mahindi maguniani yakiwa na unyevu. Tulipoyafungua baadaye, mengi yalikuwa yameota ukungu wa kijani. Mama alishinda na ungo akichambua, mazima huku, mabovu kule. Niliwatupia kuku konzi moja ya yale mabovu. Walidonoa mara mbili tatu, wakaenda zao. Niliwacheka, wala sikumwambia mtu.

"Nafaka haimwagwi, ni kumkufuru Mungu," Mama alisema. "Mpelekee Mama Joziane. Akiyaosha yatafaa."

Mama Joziane alikuwa jirani yetu, mjane kutoka Burundi. Binti yake, Joziane, alikuwa na miaka minne, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni kila alasiri kwenda ufukweni kutazama dagaa wakianuliwa. Nilijitwisha beseni kwa fahari ya mtoa sadaka. Mama Joziane alichota punje, akazinusa, akazirudisha besenini. Kisha akatabasamu.

"Urakoze cane, mwana wanje," aliniambia kwa Kirundi. Asante sana, mwanangu.

Wakawa wanakula ugali wa mahindi yale. Baada ya wiki kadhaa Joziane akaanza kukataa chakula. Alitapika, tumbo likajaa, macho yakawa manjano kama binzari. Wengine walinong'ona kwamba karogwa. Alipelekwa hospitali mjini, akarudishwa amefunikwa kitenge.

Matanga yalipokwisha, mama yake alituletea beseni letu limeoshwa, na ndani yake viazi vitamu vitano, kwa kuwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Tulivichemsha, tukavila. Mwaka haukuisha, akahama, na hadi leo sijui alikoelekea.

Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia bwana shamba akieleza habari za sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, kwamba kuosha hakuiondoi wala moto wa jikoni hauimalizi. Nilitoka mkutanoni kabla hajamaliza, nikaenda kwa Mama. Kama ni mahindi yale yaliyomuua Joziane, hakuna awezaye kuniambia sasa. Nilimsimulia Mama hivyo hivyo. Alijipapasa magoti.

"Hatukujua kama ni sumu," alisema mwishowe.

Ni kweli, hatukujua. Tulichojua ni kwamba hayakufaa kuliwa nyumbani kwetu. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba kujua hivyo tu kulitosha.