Kisu cha Bomba na Sindano ya Magharibi

Hili sikuhadithiwa na mtu, wala sikuliokota kijiweni. Lilinikuta mimi mwenyewe, akili zangu timamu, sijaonja hata tone la mbege, palepale Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Huniamini? Shauri yako. Lakini nisikilize mpaka mwisho, ndipo ucheke.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, vita ya Kagera haina muda mrefu tangu iishe, na kipande cha sabuni ukikipata unakificha chini ya godoro. Nilikuwa na kiduka cha kufuli, bawaba, sindano, na misumari ikipatikana. Nilipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Bi Zuwena, mama mmoja wa Kishihiri, mjane, mwenye ulimi mkali na moyo laini. Mimi ni Mchaga, basi mtaa mzima waliniita Mangi, na yeye akanifanya Mangi wake.

Bi Zuwena alikuwa na mtoto mmoja tu, Twaha. Alikuwa mgambo, akapelekwa vitani, hakurudi. Si maiti, si taarifa, hakuna hata mwenzake wa kusema nilimwona akianguka. Ndugu walitaka kijana asomewe hitma. Weee! Siku walipolitamka neno hilo, mama aliwatoa nje na viatu vyao mkononi.

"Mimi sijafiwa," alisema. "Mwanangu yuko njiani."

Kila jioni alimfunikia chakula kwa kawa, na asubuhi alikigawa kwa wapagazi wa sokoni. Mimi nilihamia pale Twaha ameshaondoka, kwa hiyo sura yake sikuijua, na picha zake mama alizifungia kabatini. Hilo likumbuke, litakusaidia mbele.

Sasa, kila mtu na ugonjwa wake. Wangu ni visu. Sisemi visu vya kukatia nyanya! Nasema visu vile vya mtu aliyepotea porini, ambavyo mpini wake una uwazi ndani. Unazungusha kifuniko cha nyuma, kinatoka, na ndani unakuta ndoana, mshipi, njiti za kiberiti, sindano na uzi. Mimi na pori wapi na wapi? Pori langu lilikuwa bustani ya Mnazi Mmoja. Lakini nikikishika kimoja, haki ya Mungu, moyo unanidunda kama naenda kuoa.

Nilikuwa navyo vitatu. Cha kwanza nilikipata kwa baharia: kinang'aa, mgongoni kina meno ya msumeno, kifunikoni kina dira. Kizuri mno kukitazama! Lakini piga nacho ubao mara mbili tu, ubapa unacheza. Visu hivi maradhi yao yako shingoni, pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Mpini ukiwa mtupu, chuma kinashika nini? Cha pili kilitoka Mchikichini, ndani ya mfuko wa koti la mtumba, la kafa-ulaya. Chepesi, kinakaa vizuri mkononi, ila kifuniko chake kinaingiza maji, kwa hiyo njiti zilikuwa zimeoza zote. Ukipotea nacho porini utakula samaki mbichi.

Cha tatu ndicho chenyewe. Hakikutoka Ulaya. Kilifuliwa na fundi wa Gerezani, ubapa kwa springi ya lori, mpini kwa kipande cha bomba la maji, shingo imechomelewa ikapigwa na misumari miwili ya chuma. Kibaya cha kutazama, lakini hicho ungeweza kuangushia mnazi! Aliniachia askari mmoja aliyekuja kutafuta kufuli. Nilimpa kufuli, akanipa kisu, akasema kilikuwa cha mwenzake na hataki kulala nacho tena chumba kimoja. Sikumuuliza zaidi. Mwenye uchu wa visu anauliza nini?

Ila kifuniko chake kilikataa kufunguka. Nilitia mafuta ya taa, nikabana kwa koleo, nikasali. Wapi! Ukikitikisa unasikia kitu ndani kinagonga. Nilikosa usingizi kwa sababu ya kile kitu.

Jambo moja tena. Wiki yangu ya kwanza pale, nilimpa mteja sindano jua limeshazama. Bi Zuwena alitoka ndani kama mshale. "Mangi! Unataka kututia balaa? Sindano haitoki usiku! Anayeitaka mwambie aje asubuhi." Sisi kwetu Kibosho hatuna hayo, lakini ukiwa Roma fuata ya Waroma, na nyumba ni yake. Tangu siku ile, ikiadhiniwa magharibi, sindano zangu zinalala.

Basi jioni hiyo umeme ulikatika Kariakoo nzima. Magharibi imeshaswaliwa, mtaa umepoa. Nimekaa mlangoni na koroboi langu, visu vyote vitatu juu ya gunia, nashindanisha kwenye kipande cha ubao. Cha baharia kinalia kwa-kwa-kwa. Cha bomba kinaingia du! mpaka nusu. Nacheka peke yangu.

"Hodi, ndugu."

Nikainua macho. Kijana mwembamba, sauti imekauka kama ya mtu aliyelala na homa. Shati lake limepasuka ubavuni, upande wa moyo, mpasuko wa kupitisha ngumi. Vifungo vitatu vyeupe, kimoja chekundu. Nilikiona hicho chekundu kwa sababu kilikuwa kikubwa kuliko wenzake, kama cha gauni la mwanamke.

"Karibu, ndugu."

"Naomba sindano nishone hili shati. Nimebisha mlango mkubwa hapo, mama kajibu kwa ndani nije asubuhi."

Nikacheka. "Huyo mwenye nyumba wangu. Na mimi jibu langu ni hilohilo. Lakini na shati hivyo unakwenda wapi? Si ulale nalo tu?"

"Siwezi kuingia nyumbani hivi. Mama ataanza kulia kabla hajanisalimu."

Halafu akakiona kisu cha bomba. Akachuchumaa, akakichomoa kwenye ubao kwa vidole viwili. Kwa vidole viwili, jamani! Mimi nilikuwa nakinyonga kwa mikono yote.

"Una cha baharia hapo," akasema. "Kizuri cha kuvalia suti."

Nikaona huyu ni wangu! Nikamwaga yote: shingo, meno ya msumeno, dira inayodai kaskazini ni Magomeni. Naye anajibu, anajua kila kitu, anacheka kwa kukohoa. Tukabishana kama mashabiki wa mpira. Nakwambia, sijawahi kupata mazungumzo matamu namna ile hata kwa wachumba zangu. Mwishowe nikamweleza habari ya kifuniko.

"Unafungua upande gani?"

"Kushoto, kama dunia nzima!"

Akakizungusha kulia. Kikatoka taratibu. "Nilimwambia fundi anichongee kinyume, asifungue asiyekijua."

Ungekuwa wewe ungeshtuka, sivyo? Mimi nilishapofuka! Kitu nilichokililia miezi kimefunguka mbele yangu! Nikaingiza kichwa kutazama ndani. Palikuwa na kipande cha mshumaa, uzi mweusi, na sindano moja.

Akaishika mbele ya koroboi. "Hii hujanipa wewe, ndugu. Kwa hiyo mwiko wa mama haujavunjika."

Akatunga uzi mara moja, bila kulamba ncha, akaanza kushona shati likiwa mwilini.

"Vua bwana, nguo haishonwi mwilini!"

"Nikilivua silivai tena," akasema, akaendelea.

Nikatazama ile sindano ikiingia na kutoka. Mpasuko ulikuwa mpana, na sindano ilizama sana, mno, mahali ambapo shati limeisha na mtu ameanza. Nilingoja aseme ah! Hakusema. Uso wake ulikuwa umetulia tuli. Hapo ndipo ubaridi uliponipanda mgongoni.

Alipomaliza akachomeka sindano kwenye ukosi, kama mafundi cherehani wafanyavyo. Akafunga kifuniko, akaniwekea kisu juu ya gunia. "Kitunze. Shingo yake haivunjiki." Akasimama. "Wacha nikangoje. Nimeambiwa nije asubuhi."

Niliinama kushika koroboi nimmulikie. Nikainuka, mtaa mtupu. Alipokuwa amechuchumaa palibaki vumbi jekundu, na wewe unajua Kariakoo ni mchanga tu. Nilifunga mlango, nikalala na taa inawaka, rozari shingoni.

Alfajiri nikasikia ukelele uani. Nikatoka mbio na kisu mkononi, hata sijui nilitaka kumchoma nani.

Bi Zuwena alikuwa amesimama chini ya kamba ya nguo. Juu ya kamba, limefuliwa, linachuruzika maji, palikuwa na shati moja. Vifungo vitatu vyeupe, kimoja chekundu. Ubavuni limeshonwa kwa uzi mweusi. Mlango wa uani ulikuwa bado na komeo.

"Shati hili nilimshonea mwenyewe," akasema bila kugeuka. "Vifungo vilikuwa adimu, nikang'oa kimoja kwenye gauni langu. Ndilo aliloondoka nalo." Alishika ukosi, sindano ikamchoma kidole. Akaitazama damu, kisha akakitazama kisu changu. Akakijua.

Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, pale pale uani. Nilipofika kwenye maneno ya mwisho ya yule kijana, akaketi chini.

"Ile sauti sikuijua, Mangi. Nilidhani ni mpita njia. Nikamwambia njoo asubuhi." Akalikumbatia shati likamlowesha kifua chote. "Na akaja. Mwanangu hajawahi kunibishia. Akaja."

Siku hiyo Bi Zuwena alilia kwa mara ya kwanza, akalia mpaka majirani wa nyumba ya tatu wakaja. Ijumaa yake Twaha alisomewa hitma, ndugu wote wapo, na mimi Mchaga nikapewa kazi ya kukoroga pilau. Chakula cha jioni hakikufunikwa tena. Kisu nilimwekea mkekani nikamwambia ni chake. Akanirudishia. "Kaa nacho. Mimi nina shati."

Ninacho mpaka leo. Wenye uchu kama wangu wameniletea vya kila aina tubadilishane, nimekataa. Kifuniko kinafunguka kulia, ndani kuna mshumaa na uzi. Sindano ilikaa kwenye ukosi wa lile shati mpaka mama alipofariki, tukalikuta chini ya mto wake.

Nawe, unayejifanya huogopi, chukua hili. Jua likizama sindano usiitoe, sikukatazi, mila ni mila. Lakini mtu akibisha, kabla hujamwambia njoo asubuhi, fungua mdomo uulize: nani mwenzangu?