Sauti ya Mchezo Uliobaki Chini ya Mawe

Mimi si mtu wa kununua kitu kabla sijakionja. Sokoni muuza maparachichi ananijua: akiniona natokea anayaficha yale mazuri, kwa sababu amechoka na kidole changu. Basi siku simu iliponionyesha tangazo la mchezo ule, nilicheka peke yangu, kisha nikakaa kitako.

Ulikuwa mchezo wetu wa utotoni, ule wa chombo kidogo cheupe kinachopaa angani na kufyatulia wadudu wa chuma wanaoshuka kwa mistari. Wameutengeneza upya. Unaupakua kwenye simu, hatua ya kwanza ni bure ujionee, halafu ukitaka kuendelea unalipa. Nikaanza kuipakua hiyo ya bure. Mtandao wa Goma ukafanya kazi yake ya kila siku: nilibonyeza asubuhi, nikaenda kazini, nikarudi, nikakuta bado unazunguka. Hasira zilinipanda, lakini sikuuzima.

Sale, yaani ukumbi tuliochezea, ilikuwa katikati ya mji, kibanda cha mbao chenye mashine chache za michezo na jenereta moja nyuma ya ukuta. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu mpole aliyevaa koti hata jua likiwaka. Tulimwita papa tu, yaani baba. Miaka ile mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na sisi watoto tulijua bunduki kwa mlio, kama watoto wa kwingine wanavyojua magari. Masasi yakianza kulia nje, papa yule hakufoka wala hakutufukuza. Alifunga mlango kwa komeo, akapita mashine moja baada ya nyingine akiongeza sauti mpaka mwisho, na akatuachia tucheze bure hadi kutulie.

"Mucheze tu, batoto," alisema. "Ya inje muiachie ba inje."

Sasa, bunduki ya mchezo ule haikulia kama bunduki yoyote ya Kivu. Ililia piu, piu, piu, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Niseme wazi: mle ndani nilikuwa na furaha. Nimekula vizuri zaidi baadaye, nimelala pazuri zaidi, lakini furaha ya namna ile sijaipata tena.

Mama aliuchukia mchezo. "Masasi ya inje haitoshi, mpaka mutafute ingine?" aliniuliza kila mara. Lakini ndiye aliyekuja kunichukua, akiambaa na kuta. Nilishakuwa mtu mzima aliponieleza kwamba alikuwa anasimama kwenye kona kwanza, anasikiliza.

"Nikisikia ile makelele yenu," aliniambia, "njo najua uko muzima."

Siku ya volkano papa alifanya kosa ambalo, naamini, mtu wa Goma tu ndiye angelifanya. Ardhi ilikuwa imetetemeka tangu asubuhi, na hilo tulishalizoea. Kisha ikaja mishindo kutoka upande wa kaskazini. Papa alitega sikio kidogo, akafunga komeo, akaongeza sauti. Sisi tukashangilia, maana bure imefika. Tuliendelea kuua wadudu wa chuma hadi mtu alipoupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Fungua! Leo haiko masasi, ni mulima!"

Alikuwa mama. Tulitoka mbio, na mbingu upande wa mlima ilikuwa nyekundu. Tulishika njia ya Gisenyi pamoja na mji mzima. Katikati ya watu nilimwona papa akisukuma jenereta yake juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao, koti lake mwilini. Aliniona, akanipungia mkono. Sikumwona tena.

Tuliporudi, pale palipokuwa na sale palikuwa na mawe meusi yanayotoa moshi. Watoto tulibishana mlango ulikuwa wapi, huyu anasema hapa, yule pale, mpaka mama akanivuta mkono tukaenda. Leo juu ya mawe hayo kuna duka la mabati.

Basi mchezo uliposhuka hatimaye, niliubonyezabonyeza kama parachichi. Rangi, sina la kusema, nzuri. Kidole kwenye kioo hakishiki kama ile fimbo ya chuma ya mashine za sale, lakini unazoea. Kilichonikera ni huruma yao: ukifa wanakurudisha palepale. Sisi tulipokufa tulimpisha mwingine, tukasimama nyuma yake tukimshauri vibaya makusudi. Hata hivyo niliona unafaa. Sauti nilikuwa nimeizima, kwa kuwa mama, ambaye sasa anakaa kwangu, alikuwa amejilaza mchana ule.

Jioni nikaiwasha, tena kubwa, nipate ile piu piu yangu.

Wameiboresha. Wameweka bunduki ya kweli, ile ya mkanda wa risasi, na katika chumba changu kidogo ilipiga hadi nikashtuka mwenyewe. Kule upande wa pili nikasikia beseni likianguka. Nilimkuta mama kwenye koridori, amelala chini katikati ya kuta mbili, pale tunapolala kila vita vikifika, maharagwe aliyokuwa anachambua yametapakaa sakafuni. Alininyooshea mkono.

"Lala chini! Iko inatoka upande gani?"

"Mama, ni telefone."

Akaitazama simu mkononi mwangu. "Telefone gani iko na masasi?"

Aliinuka peke yake, akaukataa mkono wangu, akaanza kuokota maharagwe. Nilijichukia. Nilishika simu niufute mchezo, na rangi zake zote.

Nilipokuwa natafuta pa kuufutia, nikaona mahali pa kuchagua sauti. Palikuwa na mstari mmoja wa Kifaransa: sauti za awali. Pembeni yake kufuli. Inafunguka kwa aliyelipa tu, hakuna kuonja. Niliiweka simu mezani, nikaichukua, nikaiweka tena. Huenda nyuma ya kufuli kulikuwa na sale yetu. Huenda kulikuwa na bunduki nyingine, na mama sakafuni tena. Nikalipa.

Siku iliyofuata waasi wa safari hii, si wale wa utoto wangu, walikuwa wanapigana upande wa Kanyaruchinya, na jioni milio ilitufikia, ya mbali lakini ya kweli. Mama alikuwa na beseni lake, akichambua maharagwe huku akiitupia koridori jicho. Nilikaa mlangoni mwa chumba changu, nikapunguza sauti hadi karibu iishe, nikabonyeza.

Piu. Piu, piu.

Vidole vya mama vikasimama. Kidole changu kilikuwa tayari kuzima.

"Njo ile ya kwa ule papa," alisema.

"Ndiyo, mama."

Nje milio ikaja tena, na safari hii ilikuwa karibu zaidi. Mama hakuitazama koridori. Alivuta beseni magotini, akarudi kwenye maharagwe yake.

"Ongeza sauti," alisema.